Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, kikundi chetu cha kufuga samaki aina ya mwatiko

Ndugu wanachama, salaam. Ya kawaida mnayajua, mabwawa mawili kule kwenye mashamba ya zamani ya chumvi tumeyasafisha, mlango wa maji umezibwa, tumevuna mara moja kilo 640 na hela mligawana wenyewe, sirudii.

Nije kwenye hili la vijiweni, eti mwenyekiti katumia 1,850,000 kununua maji. Jamani. Kila bamvua, maji ya bahari yakijaa sana, tunakesha na vyandarua kwenye vidimbwi vya mikoko tukikinga vifaranga, na mwaka huu tumepata vichache halafu wamechanganyika na samaki wanaokula wenzao, ukija kushtuka bwawani wamebaki wao tu. Ndo maana nikasema tulee wenyewe kwenye tenki tangu yai, na hela hiyo ndo ilikoenda. Kamati ilikubali, muhtasari upo, na hao wawili wanaoruka leo saini zao zipo.

Aliyechungulia tenki siku ya pili baada ya mayai kuanguliwa akatangaza "humu hamna kitu" macho yake mazima, tatizo haraka. Mtoto wa mwatiko akianguliwa ana milimita tatu na kitu, mwili kama kioo, hata macho hayajapata rangi, anakula kiini alichotoka nacho. Siku ya tatu macho yanakuwa meusi na mdomo unafunguka, ukichota na glasi ukamulika tochi ya simu unaona vidoti viwili viwili vinatembea. Na hapohapo anataka chakula hai, rotifa, kadudu ka kutafuta kwa hadubini, na rotifa nae anataka maji ya kijani, yenye vimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, yaani unafuga vitatu ili upate kimoja. Mawingu yalipokaa siku nne maji yakageuka kahawia, nikawalisha rotifa hamira kwa hela yangu mfukoni, hilo halijaandikwa popote.

Kilichotumaliza ni umeme kukatika usiku wa siku ya tisa, pampu ya hewa ikazima. Jenereta lipo, petroli hamna, na petroli ilitakiwa itoke kwenye ada. Asubuhi chini ya tenki kulikuwa kweupe kama umemwaga unga. Mayai 30,000, siku ya 24 tukatoa vifaranga 412. Wachache, nakubali. Ila Wafilipino wenyewe na wataalamu wao walihangaika miaka, mpaka 1980 ndo mwatiko wa kwenye vizimba wakataga wenyewe pale Igang, huko kwao Ufilipino, sisi mwezi mmoja mnataka maajabu.

Ada sasa. Wanachama 38, waliolipa 11. Kikao cha Septemba walikuja tisa, na wawili walifuata soda. Halafu wasiolipa ndo wanauliza hela imeenda wapi.

Mwakani inshallah tutajaribu tena, mfadhili anatafutwa, na habari ya sola inazungumzwa.

Wale 412 wapo bwawa dogo, anayetaka kuwaona aje jioni maji yakitulia. Na aliyeazima ile ndoo nyekundu ya kuhamishia vifaranga airudishe, ni yangu sio ya kikundi.