Mbeba machela wa Bama naye alikuwa na kwao

Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala yenu ya Jumapili kuhusu vita vya Bama, Myanmar ya leo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mmeeleza vizuri habari za Jenerali Slim wa Mwingereza na Jeshi lake la 14, na jinsi Wajapani walivyorudishwa nyuma kutoka Imphal na Kohima, huko India, mwaka 1944. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mkaipa aya moja. Katika aya hiyo hakuna Mwafrika hata mmoja aliyetajwa, na mkaifunga kwa kusema vijana wetu walipelekwa kule kwa kuwa walikuwa wamezoea msitu na malaria.

Hilo la malaria ndilo lililonishikisha kalamu.

Kaka yake nyanya yangu alizaliwa Wundanyi, juu kwenye milima ya Taita, ambako asubuhi ya Julai mtu hatoki nje bila blanketi. Malaria hakuijua. Aliijulia hapa Mombasa alipoteremka kutafuta kazi ya ukuli bandarini Kilindini, na homa ya kwanza maishani mwake ilimlaza Majengo siku tisa. Maneno kwamba Mwafrika hadhuriki na msitu yalikuwa ya wakubwa wa jeshi la Mwingereza. Sisi kuyarudia leo, tena kwa Kiswahili, ni kuwakosea marehemu. Huko Bama walimezeshwa vidonge vilivyowageuza ngozi kuwa ya manjano, na bado wengi waliugua.

Alijiunga na keya, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, mwaka 1942, akiwa na miaka 20. Akawekwa upande wa matabibu, kazi yake kubeba machela. Mwaka uliofuata wakasafirishwa kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa mafunzo. Nyanya alikuwa msichana wa miaka 12. Yeye na mama yake walipanda gari la moshi kutoka Voi waje kumuaga, wakakuta meli imeshaondoka. Mama mtu hakulia, alinihadithia nyanya; alikaa tu chini na kikapu chake cha ndizi, na jioni akazigawa kwa makuli. (Wengine hawakufika hata huko Ceylon. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka hapa hapa Kilindini Februari 1944 ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hiyo nayo hamkuitaja.)

Barua yake iliyofika nyumbani ni moja tu, na ninayo. Imeandikwa kwa penseli, kwa Kiswahili, na mstari mmoja na nusu umepakwa wino mweusi na wakaguzi wa jeshi. Karibu nusu ya barua anauliza habari za mfereji wa maji: zamu yetu bado ni siku ile ile? Migomba ya bondeni imefikiwa? Nyanya hakujua kusoma, basi tangu nikiwa darasa la nne mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Kila nilipofika kwenye mfereji alinikatiza akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemjibu mtu aliyeko uani. Zamu imehamia Alhamisi. Migomba ipo. Alifanya hivyo mpaka alipofariki mwaka 2019.

Agosti 1944 divisheni yao ilishika njia ya bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani, katikati ya masika ya kule. Barabara zilikuwa matope matupu, chakula kikidondoshwa kwa ndege, na kila kilima adui alikuwa amechimba mahandaki. Yaliyompata babu yangu tuliyasikia kwa mwenzake, Mtaita pia, aliyerudi salama na kupanda hadi Wundanyi mwaka 1946 kumwona mama wa marehemu.

Alieleza hivi. Ilikuwa mwisho wa Novemba, kwenye korongo la mto Myittha, kati ya Kalemyo na Kalewa. Walikuwa wanne kwenye machela moja, wanamteremsha majeruhi kutoka juu ya kilima. Kwenye mteremko kama ule walio mbele huinua miti ya machela hadi mabegani, na walio nyuma huinama mpaka magoti yakaribie kugusa ardhi, ili mgonjwa alale sawa. Walio mbele ndio huumia zaidi, maana uzito wote unawaelemea na hawana mkono wa kujishikilia. Babu aliomba mwenyewe kukaa mbele. Alikuwa amekua akiteremka na mikungu ya ndizi, akajua kuweka unyayo upande upande na kutafuta mzizi kabla ya kukanyaga. Njia nzima alikuwa akimsemesha majeruhi, kijana wa Tanganyika, kwa Kiswahili. Kombora la Wajapani likaanguka pembeni, upande wake. Hakuiachia miti. Alipiga goti kwanza, wenzake wakaipokea, ndipo akalala. Yule kijana alifika hospitali akiwa hai.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Desemba, Kalewa ilitekwa, na hapo wahandisi wakajenga daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100 juu ya mto Chindwin. Daraja mmeliandika, lakini si njia ya kulifikia.

Kaburi lake halijulikani. Miaka mitatu iliyopita mpwa wangu alilipata jina lake kwenye intaneti, katika orodha ya ukumbusho wa Rangoon ulioko Taukkyan, pamoja na wenzake karibu 27,000 wasio na makaburi. Wameliandika kwa kukosea herufi moja.

Ombi langu ni hili. Tengeni nafasi kwenye gazeti, hata nusu ukurasa kwa wiki, muwaite watu wa Pwani walete majina ya ndugu zao waliokwenda Bama na Uhabeshi: barua, picha, medali, au hata maneno waliyoachiwa na wazee. Nyumba nyingi za Changamwe na Kisauni zina vitu hivi, na wajukuu hawajui ni vya nini. Nikipita penye sanamu za askari Barabara ya Jomo Kenyatta huwaona vijana wakipiga picha, na ukiwauliza ni askari gani, hawana jibu. Nami siwalaumu, maana hakuna aliyewaambia.

Nyumbani kwetu hatumtaji kwa jina. Nyanya alitaka tumwite Babu Bama, na tumemfuata. Jina lake kamili nimeliandika kwenye karatasi ya pili ndani ya bahasha hii, kwa herufi zake sahihi. Msilichapishe leo likiwa peke yake. Lisubirisheni mpaka ya wenzake yafike.

Mwalimu mstaafu,
Changamwe, Mombasa