Risala ya wanafunzi wa Kadutu, Bukavu, kwa Mgeni wa Heshima katika Siku ya Maji Duniani

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi, wakubwa wa mtaa na wanafunzi wenzetu,

Tunawasalimu. Leo Machi 22, Siku ya Maji Duniani, wageni wengi hupelekwa kando ya ziwa. Sisi wa kikundi cha mazingira tumekuomba upande huku mlimani, Mheshimiwa, kwa sababu uchafu unaoelea Ziwa Kivu huanzia huku.

Kadutu iko kwenye mteremko. Mvua ikinyesha, kila sasheti, yaani mfuko wa plastiki, na chupa iliyotupwa mtaroni inashuka hadi mto Kahuwa au Wesha, kisha ziwani. Vyoo vilivyo karibu na mito navyo hufurika. Kule chini, akina mama na watoto wanachota maji hayo hayo kwa bidoni (madumu), maana robine (mabomba) za mitaa mingi hukauka. Kipindupindu kinapita njia hiyo.

Watu husema ziwa ni kubwa, litameza yote. Kweli kina chake kinazidi mita 480. Lakini kuanzia mita 60 hivi kwenda chini hakuna oksijeni: kuna maji mazito yaliyojaa gesi za kaboni dioksidi na methani, yasiyochanganyika na ya juu. Sambaza, wale samaki wadogo tunaowala, na maji tunayochota viko kwenye tabaka hilo la juu tu, na ndilo tunalolichafua.

Tena ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, mto Ruzizi, na mlango huo uko hapa kwetu Bukavu. Chupa zinazoelea huvutwa hadi bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Hurundikana pale, huziba njia ya maji, mashine husimama na mji hubaki gizani. Wapiga mbizi huingia majini kuzitoa. Sisi tunaosomea mitihani kwa mshumaa tunakatiwa umeme na sasheti zetu wenyewe. Maji hayo yanaendelea hadi Ziwa Tanganyika, kwa ndugu zetu wa Burundi, Tanzania na Zambia.

Sheria ipo. Amri ya Desemba 30, 2017 ilikataza sasheti za plastiki, na Katiba ya nchi yetu, Kongo, kifungu cha 48, inatupa haki ya maji safi. Hatumlaumu mama anayeuza karanga. Hajapewa kitu kingine cha kufungia.

Tunafanya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, Mheshimiwa. Tunazibua mtaro kwa majembe na mikono. Lakini tunachokitoa hubaki kando ya mtaro kwa kukosa wa kukibeba, na mvua ya kwanza hukirudisha mle mle. Hapo ndipo nguvu zetu zinapoishia.

Kwa hiyo tunaomba mahali maalumu pa kukusanyia taka huku juu, na mikokoteni ya kuzitoa kabla mvua za Septemba hazijaanza. Tunahitaji pia tangi la kuvunia maji ya mvua hapa shuleni, na watu wa kutia klorini kwenye bidoni kule watu wanakochotea. Ikiwa uwezo unatosha jambo moja tu, tupe la kwanza.

Baada ya risala hii, tunakuomba ushuke nasi hadi mtaro ulio nyuma ya madarasa, ulione rundo lenyewe.

Aksanti sana.