Risala ya Klabu ya Watazamaji wa Bunilizi ya Kisayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kujadili Kipindi Kibaya

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa klabu,
Wageni waalikwa na watazamaji wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Wewe unafundisha uandishi wa tamthilia, na umekubali kuacha shughuli zako uje tujadili pamoja kipindi ambacho mashabiki wengi wa Star Trek, tamthilia za Marekani za safari za anga za mbali, hukiweka miongoni mwa vibaya kupita vyote. Kwetu hii ni heshima kubwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kipindi chenyewe ni "Threshold", cha msimu wa pili wa Star Trek: Voyager, kilichorushwa Marekani tarehe 29 Januari 1996. Kila kinapotajwa, watu hukimwagia sifa za kejeli, eti ni kilele cha sayansi, eti ni kazi ya karne. Watu wanacheka, mazungumzo yanaishia hapo. Sisi tumeamua kukisifu kwa dhati pale kinapostahili na kukikosoa waziwazi pale kilipoharibika, kwa sababu kijana anayetaka kuandika tamthilia hapati cha kujifunza katika kejeli.

Kwa wasiokiona: chombo cha Voyager kimetupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, safari ya miaka ipatayo 75. Rubani Tom Paris anajaribu kufikia wapu 10, kasi isiyo na kikomo, ambayo kwayo mtu huwa kila mahali kwa wakati mmoja. Anafanikiwa. Anaporudi mwili unaanza kubadilika: maji yanamdhuru, ulimi unatoka, anakufa, kisha anafufuka akiwa na mioyo miwili. Mwishowe anamteka Kapteni Janeway, wanakimbia kwa kasi hiyohiyo, na wenzao wanawakuta kwenye sayari ya mbali wakiwa viumbe kama salamanda, na watoto watatu.

Kasoro ya kwanza ni ya sayansi. Daktari wa chombo anaeleza kwamba Paris anapitia mageuzi ya binadamu ya mamilioni ya miaka kwa muda mfupi. Mageuzi hayaendi hivyo. Hutokea katika jamii ya viumbe, kizazi hadi kizazi, kwa kuchujwa na mazingira. Hayana ramani iliyoandikwa tayari ndani ya mwili wa mtu mmoja ikingoja kufunguliwa. Bunilizi inaruhusiwa kuvunja kanuni za sayansi, hilo hatulipingi. Lakini kipindi hiki kinazungumza kwa sauti ya mwalimu, na kinachofundishwa si kweli.

Kasoro inayotuuma zaidi ni ya hadithi yenyewe. Tamthilia nzima imesimama juu ya swali moja: watafikaje nyumbani? Katika kipindi hiki wamepata injini ya kuwafikisha popote papo hapo, na daktari amepata dawa ya kurudisha miili kama ilivyokuwa. Basi kwa nini wasiwashe injini, wafike, watibiwe? Hakuna anayeuliza. Wiki inayofuata safari inaendelea kama kawaida. Na wale watoto watatu wanaachwa kwenye sayari ile, wala mama yao hawalilii. Mtazamaji aliyeipenda Voyager kwa sababu ya uchungu wa watu walio mbali na kwao ana haki ya kuhisi amedharauliwa. Brannon Braga, aliyeandika hati yake, amekubali hadharani kuwa kipindi hicho ni kibaya, nasi tunamheshimu kwa kusema hivyo.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. "Threshold" kilishinda tuzo ya Emmy ya mekapu mwaka 1996, na kilistahili. Tazama ngozi ya Paris inavyobadilika hatua kwa hatua, kisha umtazame Robert Duncan McNeill, mwigizaji wa Paris, akiigiza chini ya mzigo ule wote: hasira, woga na kiburi vyote vinaonekana. Wasanii wa mekapu na mwigizaji huyo walifanya kazi yao kikamilifu juu ya hati iliyoyumba. Anayekizika kipindi kizima kwa kicheko kimoja anawazika na wao.

Tumejifunza pia kuuliza ubaya umetoka wapi, hata katika vipindi vingine vya Star Trek vinavyolaumiwa. "Shades of Gray" cha mwaka 1989, kilichofunga msimu wa pili wa The Next Generation, tamthilia nyingine ya Star Trek, kiliungwa kwa vipande vya vipindi vilivyopita. Msimu ule ulianza umechelewa kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa mwaka 1988, ukawa na vipindi 22 badala ya 26, na fedha zilikuwa zimeishia kwenye vipindi vya nyuma. Nacho "Spock's Brain" cha mwaka 1968, cha Star Trek ya kwanza kabisa, kinachohusu ubongo ulioibwa, kiliandikwa na Gene L. Coon kwa jina la Lee Cronin. Ni Coon huyohuyo aliyeandika "The Devil in the Dark", ambacho sisi tunakihesabu miongoni mwa bora za tamthilia ile.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Tunaomba utufundishe kusoma hati ya kipindi, ili tutambue tatizo lilianzia kwa mwandishi, kwenye bajeti au kwenye ratiba. Na baada ya kipindi kuonyeshwa leo, tunaomba utuonyeshe mahali ambapo wewe ungeikata hadithi hii na kuiandika upya. Sisi tungeanzia pale dawa inapopatikana: Janeway achague kati ya nyumbani na hatari ya kubaki salamanda, na achague mbele ya mabaharia wake wote. Tungependa kusikia kama unakubaliana nasi.

Tunaomba kuwasilisha.