Yah: Ekzosi ya midomo miwili, mmoja hautoi moshi

Chumbageni, Tanga
14 Julai 2025

Meneja wa Karakana,
Tanga.

Ndugu Meneja,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni yule mteja wa gari la Toyota Altezza RS200 la rangi ya fedha niliyewaletea mchoro kwenye karatasi ya daftari mwezi Mei. Tulikubaliana bomba la inchi 2.5 la stenlesi 304, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, kuanzia kwenye flenji ya katikati, pale mabomba yanapofungwa kwa bolti, ligawanyike kabla ya kufika bampa la nyuma, sailensa mbili, mdomo mmoja kulia na mwingine kushoto. Bei shilingi 1,450,000. Milioni moja nililipa siku hiyohiyo, zilizobaki nikamalizia siku ya kuchukua gari. Risiti ninayo, na "stenlesi 304" imeandikwa kwa mkono wa karani wenu.

Siku mliyonikabidhi gari nilifurahi sana. Nilikuwa nimeitamani ekzosi ile kwa miaka miwili, nikidunduliza. Nililizungusha gari hadi Raskazone na kurudi, vioo vyote chini, nisikilize mlio tu.

Siku ya tatu, alfajiri, nililiwasha uani injini ikiwa baridi. Petroli ikiungua hutoa na mvuke wa maji, na mvuke huo ukikuta bomba la baridi hugeuka matone. Ndiyo maana asubuhi magari hudondosha maji kwa nyuma. Mdomo wa kulia ulikuwa unatema matone mpaka sakafu imelowa. Wa kushoto mkavu. Nikaweka kiganja: kulia moshi unausukuma mkono, kushoto kama mtoto anapuliza chai. Baada ya dakika kumi mdomo wa kulia haushikiki kwa moto, ule wa kushoto nimeukamata kwa vidole vyote vitano na wala sikuungua.

Nilipowapigia simu, kijana wenu alinijibu kwamba gari lolote la bomba mbili ndivyo lilivyo. Si kweli, Ndugu Meneja. Nimelipeleka kwa fundi mwingine Ngamiani, akalipandisha na kushusha mabomba yote nikiwa nimesimama pale. Kwenye njia panda, yaani pale bomba linapogawanyika, bomba la kushoto limebandikwa tu ubavuni mwa lile la kulia. Tundu mlilotoboa kuyaunganisha, kidole gumba changu kiliingia kwa shida. Bomba lenyewe lina upana wa milimita 63! Moshi hufuata penye nafasi, basi wote unakwenda kulia. Mchoro wangu ulionyesha panda yenye matawi mawili yaliyo sawa, kila moja limekingama kwa pembe ileile, na fundi wenu mkuu, mzee niliyemwamkia kwa heshima zote, aliutazama akasema kazi hiyo ameshaifanya mara nyingi. Kwa nini hakuniambia kama panda imemshinda? Ningesubiri, au ningeitafuta mwenyewe.

Kuhusu chuma. Stenlesi 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8, na kwa kawaida haivuti sumaku. Najua kwenye kona zilizokunjwa na kwenye mishono inaweza kuvuta kidogo, kwa hiyo niliijaribu sehemu iliyonyooka, mbali na mshono. Sumaku iling'ang'ania mpaka nikaivuta kwa nguvu. Kama ni stenlesi 409, aina ya bei nafuu inayovuta sumaku, yenye kromiamu kama asilimia 11, sina ugomvi nayo, viwanda vingi vya magari vinaitumia kwenye ekzosi. Lakini mngeniuzia kwa jina lake na kwa bei yake. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na baada ya wiki sita tu mabomba yameshapata kutu.

Hayo yote ningeweza kuyavumilia tukazungumza. Lililonifanya niandike ni hili.

Juni nilikwenda Muheza na binti yangu wa miaka saba, amekaa siti ya nyuma. Hatujafika, akaniambia kichwa kinamuuma na tumbo linamchafuka. Nikadhani ni joto, nikasimamisha gari, nikamnywesha maji. Yule fundi wa Ngamiani ndiye aliyenionyesha ufa kwenye mshono, chini kabisa ya siti ile, umezungukwa na masizi meusi. Bomba mmelining'iniza kwa raba mbili, kwingine mmefunga waya, kwa hiyo kila tuta uzito wote unaangukia kwenye mshono. Na mshono wenyewe kwa ndani umeungua na kuwa na chengachenga nyeusi, kwa sababu mmechomelea bila kupitisha ndani ya bomba gesi ya agoni, ile inayozuia hewa isiunguze chuma cha moto. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuumiza kichwa mwanangu siku ile. Ila ufa ulikuwa pale, na yeye alikuwa juu yake.

Naomba mnirudishie shilingi 1,450,000 pamoja na 60,000 nilizomlipa fundi wa kushusha mabomba, ndani ya siku 14. Ama mnitengenezee upya, kwa panda ya matawi sawa, raba kila sehemu ya kuning'inizia, na risiti ya duka mliponunua hiyo 304. Siku zikipita kimya, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na picha zote.

Mabomba yako uani kwangu, hayajaguswa tangu yaliposhushwa. Namba yangu mnayo. Mje na fundi mkuu, na mje na sumaku yenu wenyewe.

Wenu,
Mteja wa Altezza, Chumbageni