Barua kwa mwanangu: lile neno uliloniuliza

Muheza, Jumanne usiku

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mguu wa mama yako bado, ila leo amefika gengeni mwenyewe na kurudi bila kupumzika njiani. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatisha, na hili la mkataba wako wa kazi halimaliziki kwa vocha ya mia tano.

Kwanza neno lako. Uliniuliza maana ya neno la Kiingereza zest kwenye lile tangazo la kazi la hoteli ya Muscat, Omani, nikakujibu harakaharaka kwamba ni sawa na zeal, bidii. Siyo. Miaka 31 nimesimama mbele ya ubao nikiwaambia watoto wa watu kwamba maneno hayo ni ndugu, kumbe zeal asili yake ni Ugiriki na ndugu yake ni jealous, wivu. Zest ni ya Wafaransa, tena nayo haikuanzia kwenye chungwa. Ilianzia kwenye jozi, lile tunda la nchi za baridi lenye ganda gumu na kiini kilichokunjamana kama ubongo. Ndani yake kuna utando unaotenganisha vipande vya kiini. Utando huo ndio zest, na ndivyo ilivyo katika kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ya Cotgrave iliyochapishwa London mwaka 1611. Mfaransa wa zamani akitaka kusema kitu hakina thamani, alikuwa akisema hakifiki hata zeste. Baadaye wakalihamishia kwenye ganda la machungwa na malimau, Waingereza wakalichukua. Mwaka 1755 Samuel Johnson akaandika kwenye kamusi yake kwamba ni ganda la chungwa linalokamuliwa ndani ya mvinyo. Pia ladha inayoongezwa. Ule uchangamfu wanaoutaka kwenye tangazo lako umekuja nyuma kabisa, karne ya 18 ikielekea ukingoni.

Lakini wewe ganda hilo unalijua kuliko Johnson. Anayemenya machungwa pale stendi anatoa nini? Anatoa ile ngozi ya juu, nyembamba, anaacha nyeupe ili mnunuzi ashike na kufyonza. Yale maganda marefu yanayojikunja miguuni kwake ndiyo zest yenyewe. Mafuta na harufu vyote viko humo, kwenye vile vidoti; liminye karibu na mshumaa uone linavyorusha cheche. Nyeupe haina kitu isipokuwa uchungu. Kwa hiyo mama yako miaka yote ile aliwauzia watu chungwa akatupa zest, na hiyo hela ndiyo ada yako. (Kile kisu bado kipo. Usiniulize zaidi.)

Jikoni wakikwambia utoe zest, kwaruza juujuu, ukiona weupe acha, geuza upande mwingine. Na usicheke machungwa yao kuwa na rangi ya chungwa kweli. Ya kwetu yanaiva yakiwa kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuuondoa ukijani, si kwamba ni mabichi kama alivyodai yule mgeni wako.

Sasa, siku ya mapumziko. Imeandikwa au haikuandikwa? Nimekuuliza mara tatu, mara tatu umenijibu habari za sare. Juzi redioni walikuwa wakizungumzia vijana wanaokwenda Ghuba, mama yako akainuka akazima katikati. Mimi nilitaka kusikiliza. Mwajiri anayetaka mtu mwenye ari, mwenye bashasha, mwenye zest, halafu hataji saa za kazi, hizo saa uzihesabu wewe. Ulisema umesaini ukurasa wa mwisho kwa kuwa zile nyingine “ni zilezile tu”. Wewe! Mtoto uliyekuwa unasoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi!

Sijasema usiende. Wafaransa wana msemo, kuwa entre le zist et le zest, wengine hufasiri kati ya nyeupe ya ganda na ile ya juu: mtu asiyejua akubali au akatae. Ndipo nilipo. Mchana nawatangazia watu msikitini kwamba binti yangu amechaguliwa kati ya wengi, mama yako anasema nimezidisha mpaka imamu ananikwepa. Usiku nageukageuka kitandani. Kama kuna siku nilisema neno kuhusu masufuria na mtoto aliyefaulu Kiingereza, nadhani lilikuwa neno la siku hiyo. Pilau ya Idi niliyosema imezidi viungo, sahani yangu ilirudi tupu. Nadhani uliona.

Hata hili la hamu nimeuliza. Ustadhi kaniambia kwa Kiarabu hamm ni wasiwasi, dhiki ya moyo. Sisi tukaifanya hamu ya kula, hamu ya kuonana. Mama yako ana hiyo yetu. Mimi naona nimebaki na ya Kiarabu.

Muscat hutakosa watu wa kuongea nao, wapo wazee wengi wa Kiomani wanaozungumza Kiswahili kizuri kuliko cha mdogo wako. Wasalimie kwanza, wewe ndiye mgeni. Utakutana na ndimu kavu. Wanazichemsha kwa maji ya chumvi, wanazianika mpaka zinakuwa nyeusi, kisha zinatumbukizwa nzimanzima kwenye mchuzi na ganda lake. Utuletee kidogo. Pasipoti yako utaishika wewe? Hilo nalo sijajibiwa.

Nyumbani bati la upande wa jiko linavuja tena, fundi anataka elfu arobaini na sijui anabandika dhahabu. Mdogo wako anadai ada ya mtihani imepanda, nitakwenda shule mwenyewe Ijumaa. Mbuzi wako amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Hela ya umeme wa LUKU ya mwezi huu usitume, ipo.

Mama yako anasema uchukue khanga mbili nzito, huko vyumba vina baridi ya mashine. Na kabla ya Alhamisi piga picha ule ukurasa wenye siku ya mapumziko, umtumie mdogo wako kwenye simu anionyeshe. Ukurasa wenyewe, mama, sitaki kusimuliwa. Kama haupo, nipigie hata saa nane usiku, nitakuwa macho.

Ni mimi baba yako.