Shoga, lifungue hilo bega

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu Mwanakheri,

Assalaam alaykum. Barua hii anakuletea mwanao, anapanda boti ya kesho. Ningeweza kukupigia, lakini wewe kwenye simu hunipi nafasi, utanikatiza uniulize habari za harusi. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nimefurahi kusikia karafuu zimezaa. Lakini nimeudhika pia. Mwanao kaniambia bega la kushoto umelifunga kwa kanga tangu Ramadhani, mkono umeukumbatia kifuani, na usiku unakandwa kwa mafuta ya makonyo ya karafuu mpaka unalia. Mafuta sina ugomvi nayo, yana joto lake na yanaliwaza. Kulia ndiko sikutaki. Mwambie huyo bibi apapase tu, asikamue.

Hebu jipime. Kiwiko kibane ubavuni, mkono uukunje mbele kama anayepokea sahani, halafu peleka kiganja upande wa nje, kiwiko kisiachane na mbavu. Anza na mkono mzima upate kulinganisha. Kisha ulegeze ule mbovu, mwanao akupelekee yeye, taratibu. Ikiwa na yeye anagota pale pale ulipogota wewe, kiungo chenyewe kimeganda. Ikiwa kwake unakwenda vizuri, ila ukiunyanyua mwenyewe unauma ukifika katikati, hapo nashuku kano.

Maana bega, shoga, limeumbwa kwa ajabu. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na pahala kinapokaa ni padogo tena hapana kina, mfano wa chungwa juu ya kisahani cha kahawa. Kinachokizuia kisiporomoke ni misuli minne na kano zake. Hizo ndizo zinazochoka kwa kunyanyua mikono juu miaka na miaka. Kuganda ni jambo jengine: kile kifuko kinachozunguka kiungo kinavimba, kinakuwa kinene, kinajikaza. Mwanzo ni maumivu, usiku ndiyo zaidi, wala hulalii upande ule. Baadaye maumivu yanapoa lakini mkono haufiki nyuma hata kufunga sidiria. Mwisho unalegea, ila safari yenyewe huchukua mwaka mmoja mpaka mitatu.

Na sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Bega la kuganda huwapata sana watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Wewe uliniambia kiu haikuishi na usiku unaamka mara kwa mara kwenda chooni. Ukasema ni joto. Joto gani la kukuamsha hata ikinyesha mvua? Na marehemu mama yako tunajua alivyokuwa. Nenda ukapime sukari, asubuhi, hujatia kitu kinywani. Ikifika 7 (mmol/L) au zaidi watakutaka urudi siku nyengine wahakikishe. Wakikupeleka hospitali ya Abdalla Mzee huko Pemba kupigwa picha ya bega isionekane kitu, usirudi unanuna. Picha ile inaonyesha mifupa, kano na kifuko hazionekani vizuri.

Wanaweza kukuchoma sindano ya kiungo. Inasaidia, hasa siku hizi za mwanzo za maumivu, lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo majibu ya kipimo waonyeshe kwanza. Kwa sasa meza panadoli, mbili mbili, zisizidi nane kwa siku nzima. Diklofenaki ya dukani iache, na presha yako hiyo.

Kanga ifungue leo. Bega likikaa bure linazidi kukaza. Weka kitambaa cha maji moto, kisha inama, mkono mzima ushike ukingo wa baraza, ule mgonjwa uning'inie, uuzungushe polepole duara dogo. Halafu simama mbele ya ukuta, vidole vikwee ukutani kidogo kidogo. Kuvuta kutakuwapo, usikuogope. Ila ukishinda na maumivu mpaka usiku, kesho yake punguza. Ukilala, tia mto chini ya mkono. Na mwaka huu kaa jamvini uchambue karafuu, matawi waachie vijana.

Hili usilichezee: bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi au pumzi kukatika, hapana kukandwa wala kusubiri asubuhi. Hospitali, saa hiyo hiyo. Huo unaweza kuwa moyo.

Ukishapima nipigie, na unitajie namba kama walivyoiandika. Usije ukaniambia "alhamdulillahi iko sawa" kisha ukahamia kwenye harusi.

Shoga yako,
Zuhura