Njia za mkato za kibodi: tujitengenezee wenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye steshenari, makarani na makatibu muhtasi wa hapa Dodoma, kuanzia Chuo Kikuu hadi Mtumba. Wengi wamefundishwa Ctrl+C, Ctrl+V na Ctrl+P wakaishia hapo. Lakini muda unapotea kwingine: kusaka folda ileile kila asubuhi, kuchapa upya kichwa cha barua kilekile, kusafisha maandishi ambayo mteja ameyatoa mtandaoni yakaja na rangi na majedwali yake. Kazi za namna hiyo ndizo zinazostahili njia ya mkato, na unaweza kuitengeneza mwenyewe.

Chukua hilo la maandishi machafu. Kwenye Word fungua File, Options, kisha Customize Ribbon. Chini kabisa, penye Keyboard shortcuts, bofya Customize. Kushoto chagua All Commands; kulia tafuta PasteTextOnly, yaani kubandika maandishi bila rangi wala majedwali; orodha imepangwa kwa alfabeti. Bofya kisanduku cha Press new shortcut key, bonyeza Ctrl+Shift+V, halafu usikimbilie Assign. Soma kwanza penye Currently assigned to. Hapo Word inakuonyesha kama vitufe hivyo vina kazi tayari, na ukikubali, kazi hiyo ya awali inaondoka. Kwenye matoleo ya zamani Ctrl+Shift+V hubandika mtindo wa maandishi, jambo ambalo wachache hulitumia. Matoleo mapya yamekwishaipa kazi hii tunayoitaka. Chrome nayo hubandika maandishi matupu kwa vitufe hivyohivyo, kwa hiyo mkono haujifunzi mara mbili.

Penye Save changes in, acha Normal.dotm, faili ambamo Word hutunza mipangilio yako. Ukichagua jina la barua uliyofungua, njia yako itafanya kazi kwenye barua hiyo tu. Tena ukimaliza, funga madirisha yote ya Word papo hapo. Kwa kawaida Normal.dotm huhifadhiwa Word inapofungwa; umeme ukikatika kabla, ulichoweka kinapotea. Na siku fundi anapotaka kupiga Windows upya, mwambie akunakilie kwanza Normal.dotm kutoka %appdata%\Microsoft\Templates, Word ikiwa imefungwa.

Kichwa cha barua hakihitaji hata hatua hizo. Kichague chote, bonyeza Alt+F3, kipe jina fupi kama "kichwa1". Siku nyingine chapa jina hilo kisha F3.

Kwa folda ya wateja, weka ikoni yake ya mkato kwenye Desktop, bofya kitufe cha kulia cha mauzi, chagua Properties, kisha kwenye Shortcut key bonyeza herufi moja tu. Windows yenyewe itaongeza Ctrl+Alt. Ikoni lazima ibaki Desktop au kwenye menyu ya Start. Ukiihamishia folda nyingine, vitufe vinakufa. Herufi nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Ctrl+Alt+M kwenye Word huweka maoni, Ctrl+Alt+F huweka tanbihi, na wanafunzi wenye tasnifu wanazihitaji sana tanbihi. Ukiipa folda yako F, utafungua folda katikati ya tasnifu ya mtu.

Vumbi la kiangazi hapa kwetu huua vitufe vya kompyuta mpakato, na kubadilisha kibodi nzima ni gharama. Kitufe kimoja kikifa, pakua programu ya PowerToys ya Microsoft, haina malipo. Kwenye Keyboard Manager chagua Remap a key, uhamishie kazi yake kwenye kitufe usichokitumia, kwa mfano Ctrl ya kulia. Ila PowerToys lazima iwe inafanya kazi nyuma ya pazia, na kwenye skrini ya kuingilia Windows, penye nywila, haisaidii. Kama nywila yako ina herufi iliyokufa, fungua kibodi ya kwenye skrini kwa alama ya Accessibility iliyo chini kulia. Win+L na Ctrl+Alt+Delete hazibadilishwi, zimefungwa kwa sababu za usalama.

Wanaotumia Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, wataingia Settings, Keyboard, kisha View and Customize Shortcuts. Chini kabisa kuna Custom Shortcuts.

Ombi letu kwa wakuu wa ofisi ni hili: kompyuta inayotumiwa na watu watatu iwe na akaunti tatu. Normal.dotm ni ya akaunti, si ya mashine. Wote wakiingia kwa jina moja, mmoja atabadilisha Ctrl+Shift+V, mwenzake atadhani kompyuta ina virusi, na ofisi italipia fundi kwa tatizo ambalo halipo.

Mafundi wa kompyuta,
Dodoma